Kimya cha Sanduku la Susana

Wiki iliyopita niliteremshiwa sanduku. Wanaume wawili wa kanisa walilipandisha ngazi za nyumba yangu hapa Temple Hills wakitweta na kulaumiana, wakalitua katikati ya sebule, wakanywa chai, wakaenda zao. Ni sanduku la mbao lililopakwa rangi ya buluu ili lifanane na yale ya bati ambayo wazazi wetu walikwenda nayo shule za bweni, ila hili ni kubwa, mtu mzima anaenea ndani akikunja magoti. Nilipoinua kifuniko harufu ya dawa ya nondo ikanivaa, na nyuma yake harufu ya vumbi na mafuta ya boila, nikajikuta nimekaa sakafuni, mama wa watu, huku maharagwe yanaungua jikoni. Binti yangu alikuja akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna mtu amekufa tena. Nikamwambia hapana, zima jiko.

Aliyekufa ni mama yangu, mwanzoni mwa mwaka huu, na ndiyo sababu sanduku limekuja kwangu. Wameamua Susana wa mwaka huu niwe mimi.

Kama ulilelewa huku na wazazi wa kutoka kwetu, na umri wako ni kama wangu, huenda uliwahi kuburutwa kwenda kutazama Sanduku la Susana. Huigizwa kila mwaka, Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani, alasiri, katika ukumbi wa chini wa kanisa dogo kule Takoma Park, mwendo mfupi tu kutoka stesheni ya treni. Viti vya kukunja, pazia la kijani lililoshonwa na kina mama, chapati zinanukia kutoka jiko la kanisa kabla hata mchezo haujaanza. Umri wa igizo hili sasa umepita umri wa wengi wanaoliimba. Siku hizi watu hulizungumzia kwa heshima, hasa kile kimya chake karibu na mwisho, na nimesikia maelezo ya kila aina kuhusu maana yake. Kijana mmoja msomi aliwahi kunieleza, akinishika mkono, kwamba kimya kile ni bahari iliyo kati yetu na kwetu. Nilimwitikia tu. Mimi najua kilikotoka, kwa sababu kilitoka kwangu.

Igizo lenyewe halikuanza kama igizo. Kina mama walikuwa wakikutana pale chini kufungasha mizigo ya kupeleka nyumbani, kwa maana kila familia ilikuwa na sanduku lake la kujaza: viatu vya watoto wa shemeji, sabuni, sweta za wazee, mafuta ya kuchua magoti. Walikunja nguo wakiimba, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na humo ndani ya nyimbo waliwasengenya wajomba wanaoagiza viatu vya kijiji kizima. Siku moja akashuka ngazi bwana mmoja, Mmarekani Mweusi, mwalimu wa maigizo katika shule ya sekondari, aliyejifunza Kiswahili chuoni na aliyekuwa akitafuta watu wa kuongea nao. Sote tulimwita Mwalimu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mtu yeyote mle ndani, na kina mama walimchokoza makusudi ili wamsikie akisema "la hasha". Alisikiliza zile nyimbo, akaketi kwenye ngazi, akasema, "Akina mama, hapa mna mchezo tayari. Kilichobaki ni taa tu."

Basi akazaliwa Susana. Susana ni mwanamke aliyekuja Amerika, anafanya kazi, na kila mwaka anajaza sanduku na kulipeleka kwao. Kila mwaka wanampigia simu kushukuru kwa viatu, halafu wanauliza mbona kile walichoomba hakimo. Mwaka unaofuata anajaza zaidi. Redio, mashuka, saa ya ukutani. Bado wanauliza. Mwishowe anashtuka: kumbe wanachoomba ni yeye. Anaanza kutoa vitu vyote nje, kwaya inavitaja kimoja kimoja kwa wimbo, na sanduku linapobaki tupu anaingia mwenyewe na kufunga kifuniko. Kwaya inalisukuma sanduku kutoka upande huu wa jukwaa, ambao ni Amerika, hadi upande ule, ambao ni nyumbani. Linafunguliwa. Hamna mtu! Halafu mlango wa nyuma ya ukumbi unafunguka na Susana anaingia kati ya watazamaji, na leso yake kiunoni, na wanawake wanapiga vigelegele mpaka vioo vinatetemeka.

Susana wa kwanza, na kwa miaka mingi Susana wa pekee, alikuwa mama yangu. Jina lake hasa lilikuwa Naliaka, ingawa mle ndani waliniita mimi Nekesa na yeye Mama Nekesa, hivyo jina lake likawa kama nguo ya kutunzwa kabatini. Alikuwa anaosha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya kutunza wakongwe, huko huko Takoma Park, na alirudi jioni akinukia losheni na sabuni ya hospitali. Alikuwa na nywele nyingi alizozisuka mistari, na sauti nene iliyopasua ukumbi. Watu wazima walilia kila mwaka akiingia sandukuni, na mimi nilidhani wanalia kwa sababu anaimba vizuri. Sikujua kwamba mama yangu hakuwa na karatasi. Akitoka Amerika asingeweza kurudi, kwa hiyo hakutoka, na mama yake, kukhu yangu, alikuwa anazeeka kule Bungoma akiuliza kwenye simu lini. Wote mle ndani walilijua hilo isipokuwa watoto.

Na watoto tulikuwa tumefichwa jambo lingine pia. Mwalimu alikuwa na sheria moja: siri ya sanduku isiambiwe mtoto. "Mtoto ndiye mtazamaji wa kweli," alisema, "msimharibie." Wazazi wetu, ambao kwa mambo mengine hawakukubaliana hata juu ya chumvi ya ugali, waliishika sheria hiyo kwa pamoja. Ukimwuliza mama yako Susana ameendaje, anakujibu, "Si umeona? Ameenda kwao." Na anaendelea kula.

Ukweli ulikuwa rahisi. Sanduku halina sehemu ya chini. Linawekwa juu ya kifuniko kilichokatwa kwenye sakafu ya jukwaa. Mama akiingia anakisukuma, anateleza chini, anakirudisha, na anabaki amelala kwenye vumbi chini ya mbao huku wenzake wanalisukuma sanduku tupu. Kutoka pale kulikuwa na njia ya kutambaa hadi chumba cha boila, ule mtambo wa kupasha jengo joto, na kutoka chumba cha boila ngazi za kutokea nje, lakini kulizunguka kanisa na kuingia mlango wa nyuma kulichukua muda, na Mwalimu aliogopa kimya kuliko moto. "Jukwaa likinyamaza," alisema, "watu hukumbuka kwamba viti vinaumiza." Kwa hiyo aliweka Susana wa pili. Huyu alisimama nje ya mlango wa nyuma tangu mwanzo, leso ile ile, kitambaa kile kile cha kichwani, hereni zile zile, taa za upande ule zikiwa hafifu. Mama aliimba akiwa kule chini na kipaza sauti mkononi, na huyu wa mlangoni alifungua na kufunga mdomo.

Mwaka ninaousimulia, Susana wa pili alikuwa mgeni. Alikuwa Mama Bea, mwanamke wa Kikongo kutoka Lubumbashi, aliyekuwa amejiunga na kwaya majuma machache kabla, na mimi sikuwa nimemwona hata siku moja. Urefu wake na mama ulikuwa mmoja. Nilikuwa na umri wa kuanza shule, na nilikuwa na kikohozi, kwa hiyo baba, aliyezoea kunikalisha mbele, alinihamishia kiti cha mwisho kabisa, kando ya mlango, nisiwasumbue watu.

Mlango ukafunguka pembeni yangu. Akaingia mama. Leso ya mama, hereni za mama, na sauti ya mama imejaa ukumbi mzima. Nikamshika leso, nikainua macho. Uso haukuwa wa mama. Ulikuwa uso wa mtu mwingine, na mwanya kwenye meno, na mdomo wake ulitoa sauti ya mama yangu. Alinitazama, akanikonyeza, akaendelea na safari yake kuelekea jukwaani. Baba alikuwa anapiga makofi. Nilijua tangu hapo jambo ambalo wengine hawakulijua.

Watu wazima husema watoto hawana akili, lakini mimi nilifikiri vizuri kabisa, isipokuwa nilianzia mahali pabaya. Niliamua hivi: mtu akienda kwao, mwenyewe anabaki sandukuni, na anayetoka upande wa pili ni mwingine aliyevaa nguo zake. Ili mwenyewe arudi, lazima apite tena kwenye sanduku. Na kweli, baada ya pazia kufungwa alitoka mama wangu halisi, vumbi magotini, akaniambia, "Nekesa, kamasi," na akanipenga kwa pindo la leso, kwa nguvu, kama kawaida yake. Mama hakuwahi kufuta pua ya mtoto kwa upole. Alikushika kisogo, akabana, akasema "Penga!" na masikio yakaziba. Nikatulia, kwa kuwa sanduku lilikuwa limefanya kazi yake.

Karatasi zake zilitoka majira ya baridi yale yale. Nakumbuka baba akimwinua juu jikoni, na mama akisema, "Niweke chini, utavunjika mgongo." Walianza kupanga safari ya Aprili, mvua zikianza kule, amkute kukhu anapanda mahindi. Mwezi haukuisha. Simu ililia asubuhi tunakunywa chai, mama akapokea, akasikiliza, akarudisha simu pale pale taratibu, akaendelea kukoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. Kukhu alikuwa amelala na hakuamka. Baba alinieleza hivi: "Mama anaenda kwao." Hakujua alichoniambia.

Nililia uwanja wa ndege mpaka watu wakageuka. Kila mtu alidhani namlilia mama, na ilikuwa kweli, lakini zaidi nililia kwa sababu hakuwa na sanduku. Alikuwa na mkoba na begi la magurudumu. Sasa atarudije?

Alirudi siku ya theluji chafu ya pembeni mwa barabara. Baba alinivalisha kofia, tukasimama kwenye kamba pale uwanja wa ndege wa Dulles, na milango ikawa inafunguka na kutoa watu wa watu. Halafu baba akasema, "Yule pale!" na akaanza kwenda. Niliangalia anakokwenda nikaona mwanamke mwembamba aliyenyolewa kichwa chote, amevaa sweta ya kahawia ya mtu mzee. Kwetu, baada ya mazishi watu wa marehemu hunyolewa. Mtoto aliyezaliwa Maryland angelijuaje hilo, na nani alikumbuka kumwambia? Yule mwanamke alipiga magoti mbele yangu na kufungua mikono. Alinukia moshi wa kuni. Akaniita jina langu, na hata sauti haikuwa ile, ilikuwa imekwaruzika kama ya mtu anayevuta sigara, kwa kulia makaburini wiki nzima.

Yule wa ukumbini angalau alikuwa na sauti ya mama. Huyu hakuwa na chochote.

Nilifanya kama nilivyofundishwa kufanya mbele ya kila mwanamke mzima nisiyemjua. Nilimpa mkono nikasema, "Hello, auntie."

Baba alicheka, akidhani ni utani. Hakucheka tena tulipofika nyumbani, kwa sababu niliendelea. Sikuwa mkorofi hata kidogo, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi mama. Akinipa chakula, asante auntie. Akitaka kuniogesha, no thank you auntie, baba ataniogesha. Akiingia chumbani kwangu kunifunika, nilijifanya nimelala na kungoja atoke. Niliwasikia jikoni. Baba alisema, "Mpe muda, ni mtoto." Mama akasema, "Baba Nekesa, nimemzika mama yangu. Nimefika kwangu, naitwa auntie. Sasa mimi ni wa nani?" Nikasikia baba akifungua maji na kuanza kuosha vikombe. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kupanga mizigo kwenye ghala la Landover, na kitu kisichoweza kuinuliwa kilimshinda.

Wanawake wa kanisa walikuja kwa zamu, wengine na uji, wengine na ushauri. Mmoja alisema niombewe. Mwingine akasema, "Huyu ni wa kiboko tu, ameharibiwa na huku." Mama alivaa kilemba, nikakikataa, akavaa wigi alilopewa, nikaangua kilio, maana sasa alikuwa anajificha waziwazi. Aliliweka lile wigi juu ya friji na hakulivaa tena.

Aliyeniuliza swali la maana alikuwa baba, akinifunga viatu asubuhi moja. Alichoka kubishana, akaamua kukubali. "Haya. Tuseme huyu si mama. Mama yuko wapi?"

"In the box," nikamwambia. "Kwa sanduku ya Susana. Mnamwacha huko na kuna baridi."

Mikono ya baba ilisimama kwenye kamba za viatu. Mama alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo chafu. Nilidhani watacheka au watanichapa. Mama aliweka kikapu chini akasema, "Mpigie Mwalimu simu. Leo hii."

Kwa hiyo tukaenda, Jumamosi asubuhi, ukumbi umetoka kupigwa deki na unanuka dawa ya sakafu. Mwalimu alikuja na funguo zake na koti juu ya nguo za kulalia. Alikuwa ameshaelezwa, na hakuwa na raha, kwani alijua sheria ile ilikuwa yake. Walilivuta sanduku hadi mahali pake jukwaani. Mama akavua sweta ya kahawia akampa baba. Akasimama mbele ya sanduku lililofunguliwa, mkono ukingoni, na hakusogea kwa kitambo. Siku zile sikuelewa alikuwa anangoja nini. Juzi tu alikuwa amesimama hivyo hivyo mbele ya sanduku lingine.

Mwalimu akasema, "Mama Nekesa, si lazima. Tunaweza kumweleza kwa maneno."

"Maneno tumeshampa," mama akasema kwa ile sauti mbovu. "Mtoto amesema nimo humu. Wacha niingie nitoke."

Akaingia. Kifuniko kikafungwa. Nikasikia kitu kikikwaruza chini ya mbao, kisha kimya. Mwalimu alilisukuma sanduku pembeni, akalifungua, likawa tupu. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtoto yeyote: akapiga magoti, akainua kile kifuniko cha sakafuni, akanipa tochi. "Tazama mwenyewe," akasema.

Nilitazama. Nilitazama vizuri, kila kona. Niliona vumbi, pini, karatasi ya pipi ya kikohozi. Mama wa nywele hakuwepo. Nilikuwa na hakika atakuwa amelala pale na leso yake, ananingoja, na hakuwepo. Na yule wa kichwa kipara naye, aliyeingia sasa hivi mbele ya macho yangu, hakuwepo. Nikainua kichwa nikawaangalia wale wanaume wawili. Sasa sikuwa na mama hata mmoja.

Sijawahi kuogopa vile tena maishani, na nimezaa, na nimezika. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Baba alitaka kuninyanyua, Mwalimu akamzuia kwa mkono, akaninong'oneza, "Geuka utazame mlango ule." Nikageuka. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli. Nilipokuwa nikingoja niligundua kwamba sijali tena ni yupi atakayekuja. Nilimtaka hata yule wa sweta. Nikaanza kumwita, na nilimwita mama.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa amelizunguka kanisa lote akikimbia kwenye matope ya theluji bila koti, baada ya kutambaa kwenye vumbi la boila. Magoti yalikuwa yamejaa uchafu, kiatu kimoja hakipo, na kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kinafuka mvuke. Alikuja moja kwa moja kati ya viti, anahema, akanishika kisogo, akabana pua yangu kwa pindo la blauzi.

"Penga!"

Nikapenga. Masikio yakaziba. Nikamkumbatia miguu na nikakataa kuiachia, mpaka ikabidi baba aendeshe gari sisi wawili tukiwa nyuma, mimi nimemlalia na moshi wake wa kuni.

Mwaka ule, mazoezi yalipoanza, mama alimwambia Mwalimu kwamba hataki tena Susana wa pili. Atazunguka mwenyewe. Mwalimu alishika kichwa. "Na watazamaji wafanye nini muda wote huo? Wakae tu?" Mama Bea ndiye aliyemjibu, akiwa amekunja mikono, kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani, na ndiyo nafasi yake mwenyewe iliyokuwa inafutwa. "Mais Mwalimu, batu bangoje," akasema. "Mutu anarudia kwabo, unataka afike mbio kama pizza? Bangoje."

Wakangoja. Nilikuwa mbele siku hiyo, na mimi pekee kati ya watoto nilijua. Sanduku likafunguliwa, tupu, na hakuna kilichotokea. Watu wakakohoa. Mtu akacheka kidogo, akaacha. Mtoto akauliza kwa sauti, "Yuko wapi?" na mama yake akampakata. Kimya kikaendelea, na kila mtu mzima mle ndani akaanza kumfikiria mtu wake asiyetokea mlangoni, nadhani, maana nilipogeuka nyuso zilikuwa zimebadilika. Mlango ulipofunguka, na mama akaingia anatweta, vumbi magotini, nywele zake fupi bado zinaota, ukumbi wote ulisimama kabla hajaimba neno. Mwalimu alizima taa mwisho akasema tu, "Tutaacha hivyo."

Ndivyo kilivyoingia kimya. Si bahari, jamani. Ni muda anaochukua mwanamke kutambaa chini ya jukwaa, kupanda ngazi za boila na kulizunguka kanisa. Miaka ikaenda, goti la mama likaanza kumsumbua, kimya kikarefuka, na kadiri kilivyorefuka ndivyo watu walivyozidi kukisifu. Mama alikuwa akirudi nyumbani akijichua na yale mafuta aliyokuwa akiwatumia wazee wa kwao, anasema, "Leo nimekwama pale kwenye bomba, nao wanasema nimeigiza vizuri kuliko mwaka jana!" Alicheka mpaka akakohoa.

Alikufa hapa, lakini alitaka azikwe kando ya kukhu, na tulimpeleka. Kule walininyoa pamoja na wengine, asubuhi, kwa wembe na maji baridi, na shangazi mmoja akanivika sweta ya mama kwa sababu nilikuwa natetemeka. Ndani ya ndege ya kurudi sikulala. Binti yangu ana umri ule ule niliokuwa nao. Anaitwa Naliaka, jina la wazaliwa wa msimu wa palizi, na kweli alizaliwa majirani wanang'oa magugu kwenye maua yao. Nilikuwa nimemweleza kila kitu, nywele, moshi, yote, na siri ya sanduku anaijua tangu alipoweza kuongea, kwa maana nyumbani kwangu sheria ya Mwalimu haipo. Hata hivyo niliogopa. Nilitembea kuelekea ile milango ya Dulles nikijua neno nitakaloitwa, na nikijua kwamba safari hii mtoto atakuwa na haki. Aliyeondoka alikuwa mtoto wa mtu. Huyu anayerudi hakuwa tena.

Milango ikafunguka. Alikuwa amesimama kwenye kamba na baba yake. Alinitazama, akatazama kichwa, akatazama sweta. Alitazama kwa muda mrefu, na mimi nilisimama tu na begi langu, watu wananipita. Halafu akapita chini ya kamba akaja, akaniashiria niiname. Nilikuwa nalia na sikuwa nimejua. Mtoto huyu Kiswahili anakielewa chote na hakisemi, kama wengi wetu tulivyokuwa. Akavuta mkono wa sweta yake, akanishika kisogo, akabana pua yangu kwa nguvu zake zote.

"Penga!" akasema.

Nikapenga.